Kitabu cha Babu na Mnunuzi Asiyeonekana

Ndugu msomaji, yamkini nyumbani kwako, iwe Mombasa, Tanga, Unguja au Lamu, lipo sanduku la marehemu babu ambalo ndani yake mna vitabu ambavyo hapana tena anayevisoma. Karatasi zimekuwa rangi ya chai, jalada limeachana na mgongo, na mchwa wamekwisha anza kula pambizo. Zamani kitabu kama hicho kilikuwa na njia mbili: ama kipate mtoto wa kukisoma, ama kikae sandukuni. Leo iko njia ya tatu. Kijana hukipiga picha kwa simu, akaitia picha mtandaoni, na kabla ya magharibi amekwisha tokea mtu wa mji wa mbali anayeuliza bei. Juu ya njia hii ya tatu nataka tuzungumze.

Mimi nakaa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, nasomesha watoto. Utashangaa, vitabu vya kale na milima ya Buha wapi na wapi? Lakini Ujiji si mbali sana nasi, na Ujiji ndiko ilikokoma njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Na misafara ile haikuchukua nguo na shanga tu, bali ilichukua na walimu, na walimu walichukua vitabu.

Mwaka jana alinijia kijana mmoja na kitabu cha babu yake aliyesoma Ujiji. Ni Minhaji ya Imamu Nawawi, imeandikwa kwa mkono, na vichwa vya milango vimetiwa wino mwekundu. Mnunuzi, ambaye hawakupata kuonana, alitaka picha mbili tu, ya ukurasa wa kwanza na ya ukurasa wa mwisho. Alipozipata akajibu kwamba ni kitabu kikuukuu kilichokwisha liwa na mchwa, lakini kwa kumsaidia atampa shilingi laki mbili. Kijana akaniuliza, "Maalim, niuze?"

Nikaufungua ukurasa wa mwisho. Palikuwa na jina la mwandishi, na chini yake mji: Siu. Watu wa Lamu na Pate hawana haja ya kuambiwa Siu ni nini. Misahafu iliyoandikwa huko inatunzwa hivi leo katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo. Basi mtu anayetaka kuona ukurasa wa mwisho kabla ya chochote kingine, huyo anajua anachokitafuta.

Tumezoea kuhubiri juu ya muuzaji anayeficha ila ya bidhaa yake. Kila mtoto wa chuoni anaijua hadithi ya lile fungu la nafaka sokoni, juu kavu na ndani limelowa, ambalo Mtume (S.A.W.) alilitia mkono. Katika biashara hii ya vitabu vya kale kibao kimegeuka: anayejua ni mnunuzi, na anachokificha si ila, ni uzuri. Jee, hilo si kosa?

Mtume (S.A.W.) alikataza watu kuutokea msafara njiani na kununua mali kabla wenyewe hawajafika sokoni wakaijua bei, na akampa muuzaji hiyari ya kuvunja biashara akifika sokoni. Watu husema simu imelileta soko mpaka kijijini. Mimi naona kwa kijana yule haikuleta soko. Ilimleta mtu wa kuutokea msafara, akamkuta mlangoni kwake. Na Nabii Shuaibu aliwaonya watu wake wasivipunje vitu vya watu. Na kukipunguza kitu kwa ulimi ili mwenyewe akidharau ni katika kupunja huko.

Utasema: mnunuzi naye ametumia miaka kusoma, jee, elimu yake haina thamani? Inayo. Maulamaa hawakumlazimisha kila mnunuzi awe kama sahaba Jarir bin Abdillahi, ambaye mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300, naye akamrudia mwenye farasi akamwongeza mpaka 800, kwa kuwa alikuwa amemuahidi Mtume kumtakia heri kila Mwislamu. Faida ni halali. Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kusema "hakina thamani" huku moyo unakwenda mbio kwa furaha ni jambo jingine.

Nami nisijitoe. Miaka mingi iliyopita, pale Ujiji, nilinunua kwa mama mjane vitabu vichache kwa bei ya karatasi za kufungia karanga. Mlikuwamo juzuu ya Qamus al-Sharia iliyopigwa chapa Unguja katika matbaa ya Sayyid Barghash. Nilijua. Nikanyamaza, nikamshukuru, nikaenda zangu.

Mnunuzi naye ana hatari yake. Vitabu vingi vya chapa ya mawe vya Bombay ukiviona pichani utaapa vimeandikwa kwa mkono; mpaka ukishike kitabu, uinue karatasi kwenye mwanga, ndipo ujue. Minhaji yenyewe, kitabu kile kile kilichokuwa kinauzwa, imeipa nguvu kauli kwamba kuuza kitu kisichoonekana hakusihi. Mahanafi wameruhusu, na mnunuzi akikiona ana hiyari ya kukirudisha. Lakini arudishe kwa nani, ikiwa nambari ya simu imekwisha zimwa?

Tena kitabu cha babu si cha mwenye simu peke yake. Wamo shangazi na dada katika mirathi. Kikiwa kimeandikwa wakfu, hakiuziki kabisa, hata warithi wote wakiridhika. Na serikali nayo ina neno: kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863 ni urithi wa nchi, na kukipeleka nje kunataka kibali. Lamu walipata njia nzuri. Vitabu vya Msikiti wa Riyadha vilipigwa picha katika miaka ya 2010 kwa msaada wa maktaba ya taifa ya Uingereza, picha zikaenea kwa wasomaji, na vitabu vyenyewe vikabaki Lamu.

Kijana alimwandikia mnunuzi kwamba amekwisha ijua Siu, basi na ataje bei upya. Hakujibiwa mpaka leo. Kitabu kipo kwao, kimefungwa kitambaa safi, wanangoja shangazi yao aje waamue pamoja. Ile juzuu yangu iko mezani hapa ninapoandika. Mama yule amekwisha fariki, lakini nimeambiwa ana mjukuu anakaa Kibondo. Inshallah nitakwenda baada ya mavuno ya maharage.