Sifuri Zisikudanganye

Mpwa wangu,

Nimeusoma mradi wako wa kukadiria kuyumba kwa bei za hisa. Hesabu umezimudu kunishinda mimi mjomba wako. Ninalotaka kukwambia linatangulia hesabu.

Mchumi Robert Engle alipoandika makala ya mwaka 1982 iliyozaa hesabu hizi za GARCH unazotumia, hakuwa akishughulika na hisa hata kidogo. Mbele yake palikuwa na takwimu za mfumuko wa bei wa Uingereza. Wa soko la hisa walikuja kuidaka baadaye, kwa sababu kwao pia siku za misukosuko huandamana, na za utulivu vilevile. Hapo ndipo penye kukadirika. Kwamba bei kesho itapanda au itashuka, hesabu hizi hazikwambii. Zinakwambia itatikisika kiasi gani. Mteja akikuuliza kama anunue, usimjibu kwa GARCH.

Sasa iache programu, shika kalamu. Benki ya J.P. Morgan mwaka 1994 ilitoa kanuni nyepesi: mraba wa makadirio ya jana upe uzito wa 0.94, mraba wa badiliko la leo 0.06. Tuseme hisa imezoea kuyumba asilimia 1 kwa siku, na leo imeanguka 4. Mraba wa 4 ni 16; mara 0.06, unapata 0.96. Jumlisha 0.94, yaani mraba wa 1 mara 0.94: 1.90. Kipeuo chake cha pili ni karibu 1.38. Kesho bei isiposogea hata senti, makadirio yatateremka hadi 1.34 tu. Hofu huingia kwa siku moja, lakini kutoka hujivuta.

Endelea hivyo kwa siku 15 bila bei kusogea, utafika chini ya 0.9. Karatasi itasema hisa imetulia. Mimi niliiamini karatasi ya namna hiyo nilipokuwa kijana, nikifanya kazi kwa dalali mmoja Nairobi. Nilimhakikishia mwalimu mstaafu kwamba hisa zake hazina presha, maana bei ilikuwa palepale kwa wiki tatu. Alipotaka kuuza alipe karo, agizo lake lilikaa tu. Wanunuzi hawakuwepo, na hawakuwepo wiki zote zile tatu. Akauza kwa hasara, wala hakunilaumu, jambo lililoniuma zaidi.

Halafu nimeona umeifuta 13 Machi 2020, ati inaharibu grafu. Siku ile Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na soko la Nairobi likasitisha biashara baada ya kielezo cha kampuni 20 kushuka zaidi ya asilimia 5. Irudishe. Unakadiria misukosuko, kisha msukosuko wenyewe unautupa?

Na ile safu ya idadi ya hisa zilizouzwa kila siku, uliyoiacha tupu, ijaze. Hesabu siku zenye sifuri, hisa moja moja. Njoo nayo Jumamosi, na kalamu.