Bibi Aliyefagia Msikiti



Amepokea Abu Huraira, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, ya kuwa palikuwa na mwanamke mweusi akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina. (Mpokezi ana shaka, huenda alikuwa mwanamume, lakini iliyo na nguvu ni kuwa ni mwanamke.) Akafa, wakamzika. Mtume alipomkosa akauliza, akaambiwa amekufa. Akawalaumu kwa kutomwarifu, kwani walilidharau jambo lake. Kisha akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamsalia.

Nami nina la kukiri. Mtaani petu alikuwako bibi kizee, mjane, akijaza mitungi ya maji ya kunywa mlangoni mwa msikiti, hata mgongo ukapinda. Mahamri yaliyomsalia katika biashara yake akiwagawia watoto wa chuoni. Akishukuriwa husema, "Maji ni ya Mungu, yangu ni kuchota tu." Maji yale nimeyanywa miaka mingi nitokapo kusomesha, wala sikupata kumwuliza jina.

Siku aliyozikwa, waliomsalia hawakutimia safu mbili. Mimi nilikuwa kwenye matanga ya tajiri mmoja, mbele ya sinia la biriani. Mimi huyu nisemaye juu ya mimbari kuwa karamu za matanga ni uzushi!

Alfajiri ya pili mitungi ilikuwa mikavu. Ndipo nilipouliza. Aliyenionyesha kaburi ni mtoto wa chuoni, kwa kuwa yeye alikuwako.