Jioni za Mama Kijacho

Jumapili moja alasiri tulikaribishwa chai nyumbani kwa mume na mke waishio Tabata, jijini Dar es Salaam, na kabla kikombe cha kwanza hakijapoa tukaulizwa swali tusilolitazamia. Mwenye nyumba ni kijana, karani wa ghala, mtu mpole asiyepaza sauti. Akasema: "Baba Padre, mke wangu ni mjamzito wa miezi saba. Shemeji yangu, yaani dada yake mkubwa, ananiambia kwamba mwanamume anayengoja mtoto haifai aonekane barazani kila jioni akicheza drafti. Nami drafti nimeicheza tangu utoto. Je, nafanya vibaya?"

Twakiri kwamba jibu tulikuwa nalo tayari, maana sisi wahariri, na mapadre zaidi, hatukosi jibu. Lakini mke wake, aliyekuwa akileta sahani ya vitumbua, alitutangulia. Alisema akiwa bado amesimama: "Mimi, Padre, sikuomba aache drafti yake. Nimeomba nirudishiwe cherehani yangu."

Tukalimeza jibu letu pamoja na kitumbua, tukasikiliza.

Mama huyu ni mwalimu wa shule ya msingi. Desturi yake ni kwamba akisharudi kazini na kupumzika kidogo, hushona: magauni ya watoto wa jirani, mapazia, sare za kwaya. Hashoni kwa kutafuta utajiri, bali kwa kuwa moyo wake hutulia mguu unapokanyaga pedali. Mara mbili kwa juma huimba sauti ya pili katika kwaya. Nyuma ya nyumba ana viroba sita vya udongo alivyopanda mchicha na matembele. Basi, mimba ilipojulikana, kila mtu alikuja na katazo lake, na kila mmoja alilileta kwa upendo. Mama mkwe alituma salamu kutoka bara kwamba ajiepushe na cherehani, ati uzi utamzonga mtoto shingoni. Wenzake wa kwaya walimpumzisha bila kumwuliza. Jirani mmoja alijitolea kumwagilia mboga, kisha akaanza na kuzichuma. Nguo za mtoto akakatazwa asiguse hata moja kabla ya siku yenyewe. Mwishowe alibakiwa na kiti kimoja kizuri, mahali penye kivuli, na amri ya kukaa. Cherehani ilifunikwa shuka ikasukumwa nyuma ya mlango. Mume kwa upande wake hakupungukiwa na kitu. Drafti, mpira wa Simba na Yanga, na mazungumzo ya barazani (vijana husema kijiweni), vyote vilibaki mahali pake.

Twaona ya kuwa swali la kijana yule lilikuwa jema, ila lilikuwa nusu ya swali. Aliuliza kama yeye anayo haki ya kuendelea kujiburudisha. Hakuna mtu aliyekuwa ameuliza kama mke wake anayo.

Huenda wasomaji wengine wakaliona hili kuwa jambo dogo mno kwa ukurasa huu. Hatudhani hivyo. Kazi ya mchana mtu huifanya kwa kuwa anadaiwa. Asipokwenda, mshahara haupo. Kliniki nayo ni agizo, na kadi hutiwa alama. Lakini saa zile mbili tatu za jioni hakuna anayemdai, na ndipo tuwezapo kuona mtu anapenda nini na anampenda nani. Ikiwa katika nyumba moja mmoja amebaki na saa zake zote na mwingine amenyang'anywa zote, hapo pana jambo la haki, hata kama hakuna aliyegombana wala aliyelia.

Tena jioni hizo kwa baba ni za thamani kuliko anavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, naye aweza kuianza wiki 4 kabla ya tarehe anayotazamiwa kujifungua. Baba hupewa siku zisizopungua 3, nazo sharti azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Maana yake ni kwamba katika miezi tisa yote ya kungoja, likizo hiyo haimgusi. Kama mwajiri wake si mtu wa kutoa ruhusa, ana jioni tu, na Jumapili. Akizimaliza zote barazani, basi ule ungojaji ameupitia kama abiria aliyelala usingizi ndani ya basi, akaamshwa kituoni.

Lugha yetu imeliona jambo hili kabla yetu. Mitaani mwanamke mwenye mimba huitwa mama kijacho. Kwetu mke na mume wakishapata mtoto wa kwanza huacha majina yao mlangoni, wakaitwa Mama Fulani na Baba Fulani. Lakini mtoto bado hana jina, na watu hawakutaka kungoja. Wakamwita mama kwa jina la yule anayekuja. Wenye utani humwita na mume baba kijacho, naye hucheka, aghalabu kwa haya. Sisi twaona si utani mtupu. Mtu hawi baba siku ile mkunga anapotoka mlangoni na habari njema. Jina amekwisha pewa na jirani, na jina huja na kazi yake.

Yatupasa hapa tuwatendee haki wale waliokataza. Ni rahisi kwa mtu aliyesoma kucheka mwiko wa nguo za mtoto au wa uzi wa cherehani. Lakini miiko hiyo haikutungwa na wajinga, ilitungwa na watu waliokwisha zika. Mwanamke aliyeshona vigauni sita, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu na kuvikuta vimekunjwa kitandani, hakuhitaji kufundishwa na mtu yeyote kwamba ni heri kutotayarisha. Wala msiba huo si wa zamani mno. Uchunguzi wa taifa wa afya wa miaka ya 2015 na 2016 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000 nchini, wanawake 556 walikufa kwa sababu za uzazi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Ni maendeleo makubwa, nasi twayafurahia. Hata hivyo mama mkwe aliyezaa miaka arobaini iliyopita anaogopa kwa hesabu za wakati wake, na hofu yake twaiheshimu.

Ila hofu hiyo leo imepata njia bora ya kutumika. Wakunga wa kliniki huwashauri wazazi wajiandae mapema: wajue watajifungulia wapi, watafika kwa gari gani usiku, akiba ya fedha iko wapi, nani atatoa damu ikihitajika, na khanga safi na nguo za mtoto ziwe ndani ya mfuko mmoja karibu na mlango. Mkoba huo si kiburi mbele ya Mungu. Kuhusu kukaa kitini mchana kutwa, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2016 lilipendekeza mama mjamzito akutane na mhudumu wa afya si chini ya mara 8, ale vizuri, na aendelee kuutumia mwili wake. Hatusemi abebe ndoo mbili za maji kutoka kisimani, wala apande ngazi kutundika mapazia. Na maradhi yakiwapo, neno la mkunga ndilo la kufuata. Twasema tu kwamba katazo lipimwe na mtu anayejua, lisikubaliwe kwa kuwa limetolewa kwa sauti ya upole. Ajabu ni kwamba katika makatazo yote yale, hakuna aliyemkataza udongo wa kutafuna uuzwao madukani, nao ndio mkunga alioupigia kelele.

Na kwaya je? Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wachanga wa siku chache. Waliwapa chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine ya sauti, hata mtoto kwa jinsi anavyonyonya akaweza kujichagulia sauti ya mama yake au ya mwanamke mwingine. Watoto waliichagua ya mama. Miaka sita baadaye DeCasper na mwenzake mwingine walionyesha kwamba watoto hupendelea hata hadithi ambayo mama aliisoma kwa sauti katika majuma ya mwisho ya mimba kuliko ile wasiyoisikia. Basi mwalimu wetu wa Tabata alipokuwa akiimba sauti ya pili, alikuwa na msikilizaji. Wenzake walipomnyamazisha kwa huruma walimnyima na yule msikilizaji, ambaye pengine alikwisha anza kuzoea.

Lakini hatutaki kuiweka hoja yetu yote juu ya faida ya mtoto, kwani huko nako kuna mtego. Tukisema mama aimbe kwa kuwa mtoto anafaidi, ashone kwa kuwa mtoto atavaa, atembee kwa kuwa mtoto atazaliwa kwa urahisi, tumemgeuza tena kuwa chungu cha kubebea kitu cha thamani. Chungu hutunzwa sana, hufunikwa, huwekwa kivulini. Hakiulizwi kinapenda nini. Mke yule alipenda kushona kabla hajapata mimba, na furaha yake ilikuwa halali wakati ule. Hatuoni sababu kwa nini iwe si halali leo.

Jambo moja tulilipenda nyumbani kwao. Jua likipungua, hutembea wawili polepole, naye mke ndiye anayechagua njia. Siku hiyo walitusindikiza, wakatueleza habari za mtaa unaoitwa Dampo hadi leo. Wazee wa Tabata wanakumbuka sababu ya jina hilo. Takataka za jiji zilimwagwa na kuchomwa hapo, moshi na harufu na nzi vikaingia majumbani. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji, nao wakashinda. Jiji likaomba muda zaidi, tena likaomba, hata mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa ombi hilo, akishika haki ya kila mtu ya kuishi iliyomo katika Katiba. Sisi twawaza juu ya jioni zilizotumika katika kesi ile: mikutano ya barazani, michango ya nauli, kusoma karatasi za mahakama kwa mwanga wa taa. Hapana shaka miongoni mwao walikuwamo akina baba kijacho. Watoto waliozaliwa Tabata baada ya hapo walivuta hewa ambayo watu walikuwa wameigombania katika saa zao wenyewe. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba baraza ni mahali pa uvivu tu, inategemea kinachozungumzwa.

Msomaji aweza kutucheka: sisi tusio na mke wala mtoto twajua nini juu ya jioni za watu? Ni kweli, twajua kwa kuambiwa. Twajua pia kwamba katika mtaa uleule ziko nyumba ambamo hakuna hata drafti ya kugombania. Mume yuko migodini au ametoweka, na mama kijacho anauza maandazi alfajiri na kurudi usiku miguu ikimuuma. Kwake maneno haya juu ya cherehani yaweza kusikika kama hadithi za matajiri. Kwa huyo jirani wana deni la aina nyingine, na pengine mwalimu wetu, kama angeachiwa jioni zake, angekuwa wa kwanza kulilipa.

Tuliporudi kwenye ile nyumba kuchukua kofia yetu, kijana alikuwa ameondoa shuka. Aliivuta cherehani kutoka nyuma ya mlango hadi ukumbini penye mwanga, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Mkewe akasema miguu imemvimba kidogo. Kliniki walikuwa wamempima shinikizo la damu juma lile na kumwambia kuwa liko sawa, lakini kukanyaga pedali kunamchosha. Wakatazamana. Kisha mume akavuta kigoda, akaketi kando ya mashine na kulishika gurudumu kwa mkono, naye mke akaweka kitambaa chini ya sindano. "Polepole," akamwambia, "si daladala hiyo." Mshono wa kwanza ulikwenda upande. Nje, mtu aliyekuwa na ubao wa drafti kwapani alibisha hodi, akauliza kama baba kijacho yupo. Akajibiwa kwamba yupo, aingie, akae, amsubiri amalize upindo.