Ukale wa Kanisa la Kiorthodoksi

Makanisa ya Kiorthodoksi ya Afrika Mashariki si ya kale kwa kuta zake. Kanisa la Mtakatifu Paraskevi la Dar es Salaam lilijengwa na Wagiriki katika karne ya 20. Anayetoka Kariakoo kuelekea baharini, akapita misikiti, mahekalu ya Kihindu ya Kisutu, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na lile la Azania Front, ambayo yote mawili ni ya enzi za Wajerumani, huwa ameshaona majengo yaliyolizidi umri. Basi msafiri anayetafuta ukale wa Waorthodoksi autafute wapi?

Historia ya hapa inatoa jibu. Wagiriki walifika zama za ujenzi wa Reli ya Kati, ulioanza mwaka 1905, na wengine wakaingia katika kilimo cha mkonge. Mwaka 1958 Upatriaki wa Kiorthodoksi wa Aleksandria ulianzisha jimbo la Irinoupoli, jina la Kigiriki la Dar es Salaam. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na Wagiriki wengi wakaondoka. Kama imani ya Kiorthodoksi ingekuwa mali ya walowezi, ingeondoka nao. Haikuondoka, kwa sababu ilikuwa na mzizi mwingine: huko Uganda, Reuben Spartas alijitenga na Waanglikana mwaka 1929 akilitafuta kanisa la mitume, bila kuitwa na mmisionari yeyote wa Kigiriki. Aleksandria iliwapokea yeye na wenzake mwaka 1946. Spartas hakuvutwa na jengo lolote la kale. Alivutwa na mapokeo.

Mapokeo hayo huonekana watu wanaposali. Muumini huingia, huwasha mshumaa mwembamba na kuuchomeka kwenye mchanga, hufanya ishara ya msalaba, kisha huibusu ikoni, yaani picha takatifu iliyochorwa ubaoni. Kwa jirani aliyezoea msikiti usio na picha, tendo hilo huleta swali zito: je, si kuabudu ubao? Wakristo wenyewe waliligombania kwa zaidi ya karne moja. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787 uliamua kwamba ibada ni ya Mungu peke yake, na kwamba heshima inayopewa picha humfikia yule aliyechorwa. Mgeni halazimiki kukubali hoja hiyo, ila asipoijua ataona rangi na ubao tu, na anayebusu ataonekana kwake mjinga. Hilo ni kosa kubwa kuliko kutojua mwaka kanisa lilipojengwa.

Hata penye kuta za kale kweli, kama Sinai, ambako monasteri ya Mtakatifu Katarina ina kuta za karne ya 6 na msikiti ndani ya kuta hizo, watawa bado wanasali, na wageni hupangiwa saa zao. Jiwe hutunzwa kwa sababu sala haijakatika.

Kwa hiyo mgeni afike Jumapili asubuhi, avae kwa staha, asimame nyuma, wala asivuke ukuta wa ikoni kuingia madhabahuni. Asibusu kwa kuigiza. Komunyo ni ya Waorthodoksi peke yao, lakini mwishoni padri hugawa mkate uliobarikiwa, na katika parokia nyingi mgeni naye hupewa. Aliyeingia siku ya kazi, akapiga picha na kutoka, ameona jengo; kanisa bado hajaliona.