Kazi Iingie, Mwenye Kazi Abaki Nje?

Mwaka jana nilizunguka kambini, mlango kwa mlango, na karatasi za maswali. Mtafiti alikuja kuuliza habari za maji. Sisi vijana watatu tulitafsiri. Tulijua nani apigiwe hodi saa ngapi, na swali gani lingemuumiza mama aliyefiwa, tukaliuliza kwa upole zaidi. Baadaye tukasikia utafiti ule umesomwa ng'ambo, kwenye mkutano wa chama cha wanasayansi. Majina yetu hayakuwemo. Tulishukuriwa kwa neno moja tu: "jamii".

Posho nililipwa, sina deni na mtu. Lakini swali limenikaa moyoni: ni haki kupokea kazi ya mtu na mwenyewe kumwacha nje?

Kumbe swali hili ni la zamani. Uingereza alikuwepo mama mmoja, Hertha Ayrton. Alichunguza taa za umeme za wakati ule, zilizowaka kati ya vijiti viwili vya kaboni, akaeleza kwa nini zinatoa mlio wa "sss": ni oksijeni ya hewani inapoigusa kaboni ya moto. Mwaka 1901 andiko lake lilisomwa mbele ya Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi cha huko, lakini msomaji alikuwa mwanaume, kwa niaba yake. Mwaka 1902 alipendekezwa awe mwanachama. Wanasheria wakasema mwanamke aliyeolewa haruhusiwi. Mwaka 1904 alisoma mwenyewe andiko lake lingine, na mwaka 1906 wakampa medali. Medali alipata, kiti hakupata, mpaka akafariki mwaka 1923. Chama kilianza mwaka 1660, na wanawake wa kwanza, Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson, waliingia mwaka 1945. Hebu hesabu hiyo miaka.

Mtu atasema: sheria ndiyo iliyokataza. Sawa. Lakini chama cha wahandisi wa umeme cha nchi hiyohiyo kilishampokea Ayrton tangu mwaka 1899. Mama yuleyule, ndoa ileile. Kwa hiyo sheria ilikuwa kisingizio kizuri tu cha watu ambao hawakutaka kusogea kwenye benchi.

Siku hizi sijaona chama kilichoandika "mkimbizi asiingie". Lakini ada inalipwa kwa dola. Mkutano unafanyika nchi inayodai viza, na mimi hata ruhusa ya kutoka kambini naiombea foleni. Fomu inataka barua ya chuo kikuu. Hakuna aliyekufukuza, ila hufiki. Hii naona ni mbaya zaidi, maana huna hata wa kumlalamikia.

Na kabla hatujanyoosha kidole, tujiangalie. Klabu ya sayansi ninayoisimamia ilikuwa inakutana saa kumi na moja jioni. Wasichana walikuwa hawaji, nami nikawa natangaza kwamba hawapendi sayansi. Siku moja binti mmoja akaniambia, "Kaka, saa hiyo mimi niko bombani na madumu. Halafu wadogo zangu nani atawapikia?" Niliona aibu. Tukahamia Jumamosi asubuhi, wakaanza kuja. Mlango ulikuwa wazi siku zote. Saa ndiyo ilikuwa kufuli, na aliyeifunga ni mimi, bila nia mbaya yoyote.

Wengine wanaogopa kwamba tukiingia wengi, viwango vitashuka. Ayrton hakuomba kiwango kishushwe, alikuwa ameshakifikia. Na binti yule wa madumu anajua mambo ya bomba letu ambayo mtafiti wa wiki mbili hawezi kuyaona. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayeingia huja na dawa yake.

Basi, ndugu zetu wa mashirika, mkija tena na karatasi za maswali, tukae pamoja tangu maswali yanapotungwa. Andikeni majina ya wanaokubali yaandikwe. Majibu yakipatikana, yasomwe hapa kwanza, na mwenye kazi aisome mwenyewe. Na sisi vijana wenye vikundi, kabla ya kusema "hawataki kuja", tuulize kwanza: tumeweka saa ngapi?