Tusiyachafue maji tunamobatizwa



Ziwa Tanganyika linatulisha ndagala na mikebuka, tunalinywa, na ndani yake tunabatizwa. Tusome Ezekieli 34: Mungu anawakemea kondoo waliokunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu, wenzao wakabaki kunywa uchafu. Je, si sisi hao?

Mto unaotoka ziwani ni mmoja tu, Lukuga, hapa kwetu Kalemie. Maji hukaa ziwani mamia ya miaka. Tunachotupa leo, wajukuu watakikuta. Na kipindupindu hakiulizi nani anasali.

Basi tufanye hivi. Tusijisaidie kando ya ziwa. Tuchimbe vyoo mbali na maji. Tuteke maji kwa ndoo, tufulie nguo nchi kavu. Wavuvi, tusimwage mafuta ya motere ziwani. Mifuko ya plastiki tusiitupe miferejini, maana mvua huipeleka yote ziwani. Siku ya salongo, tutoke wote na majembe. Na kabla ya kila ubatizo, tusafishe kwanza ufuko.

Bwana awabariki. Amina.