Sahihi ya Mmoja

Mwaka 1963 ndugu wawili, Aldo na Piero Crommelynck, walifungua karakana ya uchapaji huko Mougins, Ufaransa, karibu na nyumbani kwa Picasso. Mwaka 1968, mzee huyo wa miaka 86 alichora mabamba 347 kwa muda usiotimia miezi saba; wao wakayapaka wino na kuyapiga chapa. Sahihi ikawa ya Picasso.

Je, hiyo ni dhuluma? Sidhani, wazo lilikuwa lake. Dhuluma ni kunyamaza. Nikiwa mwalimu mkuu nilisifiwa kwa kijitabu changu cha sarufi. Karani aliyekata stensili alikuwa amenisahihishia makosa mengi kimyakimya. Nilipopigiwa makofi, sikumtaja. Sasa ni marehemu, na deni lile halilipiki.